Kumpima mzee wa kijiti cha maji bila kumwonea

Salaam mkuu. Umeuliza utampimaje mzee anayetafuta maji kwa kijiti cha panda, maana visima vyake vyote vimetoa maji. Angalia hapo kwanza: pembeni pangechimbwa, pangekosa? Sehemu nyingi ukifika kina cha kutosha maji yapo, kwa hiyo visima pekee havikuambii kitu.

Sisi tulimpima babu yetu kwa madumu mawili ya lita 20, moja la maji, moja la mchanga. Kila mara shilingi inarushwa, kichwa maji, mwenge mchanga, dumu hilo moja linafunikwa turubai, na babu anasema ni maji au mchanga. Kabla ya yote alijaribu dumu la maji likiwa wazi mpaka akasema mwenyewe, "Hapa kinavuta." Usiruke hatua hii, ndiyo haki yake.

Tulipokosea: aliyeficha dumu alibaki pale. Babu akikaribia, kijana anabana pumzi, na mzee anaona. Tukafuta, tukaanza upya. Mfichaji anakwenda nyuma ya nyumba, anayemleta babu hajui kitu.

Kubalianeni idadi mapema. Tulisema 9 kati ya 10, kwa sababu kubahatisha kunakufikisha hapo au zaidi mara 11 tu katika 1,024. Babu alipata 6, na tulimwambia kwa heshima.

Wako akisema anasikia maji yanayotiririka tu, dumu halifai. Fanya kama watafiti wa Kassel, Ujerumani: mwaka 1990, kuwapima watu kama hao, walifukia bomba sentimita 50 chini, maji yakafunguliwa na kufungwa kwa bahati nasibu.