Afisa ugavi wa kikosi hufanya nini?

Umeuliza kama afisa ugavi katika kikosi cha Civil Air Patrol, shirika la kujitolea kule Marekani linalosaidia Jeshi la Anga, pamoja na kutafuta ndege zilizopotea, anakaa tu stoo. La hasha! Mali ya kikosi iko mikononi mwake: redio, gari, vifaa vya msako. Kila kinachotoka kisainiwe na anayekichukua, na namba iliyobandikwa kwenye redio ilingane na ya kwenye rekodi. Hapo ndipo wengi huteleza, kifaa kinaazimwa kwa mdomo tu, miezi inapita, siku ya kuhesabu mali hakionekani. Pia anafuatilia matengenezo ya gari. Ni kazi ya kujitolea, ila redio isiyo na chaji usiku wa msako inamcheleweshea msaada aliyeanguka na ndege porini. Ukipewa wadhifa huo, hesabu kila kitu pamoja na anayekukabidhi kabla hujatia saini.