Bomba la karo linavyosema bila hotuba

Swali la wiki hii: je, filamu inaweza kusema jambo zito bila wahusika kulihutubia? Inaweza. Tazameni The Great Indian Kitchen, ya Kimalayalam (lugha ya jimbo la Kerala, kusini mwa India), iliyoandikwa na kuongozwa na Jeo Baby mwaka 2021. Bi harusi (Nimisha Sajayan) anaingia ukweni huko Kerala, na kwa muda mrefu hakuna la ajabu: anakata, anakaanga, anapakua, anafuta. Wahusika hata majina hawana.

Wapo waliolalamika kwamba inajirudia. Ni kweli inajirudia, ila kila mzunguko unakuja na nyongeza yake. Baba mkwe, mtu mpole wa sauti, anataka wali upikwe kwa kuni, si kwa presha kuka. Chatini isagwe kwa jiwe. Nguo zake zifuliwe kwa mkono ingawa mashine ipo. Wala hafoki. Kisha bomba la karo la jikoni linaanza kuvuja. Mume (Suraj Venjaramoodu) anaombwa amwite fundi, anasahau, anakumbushwa, anasahau tena, na maji machafu yanazidi kukingwa kwa ndoo. Bwana huyo ni mwalimu wa soshiolojia; darasani anafundisha maana ya familia!

Filamu nyingi za mapishi huishia chakula kinapotengwa. Hii inabaki mezani wanaume wakishanyanyuka, pamoja na makapi ya mlonge yaliyotafunwa na kutemwa kando ya sahani, ambayo lazima mtu ayazoe. Muziki wa kusindikiza karibu haupo, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na kisu, mafuta na maji. Ukiitazama kwa spika ya simu umeikosa nusu.

Panapomtatiza mgeni ni sehemu ya hija ya Sabarimala, hekalu la Kihindu huko Kerala ambalo wanawake wa umri wa kupata hedhi walikuwa wakizuiwa kuingia. Usipojua kwamba Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu wanawake wa rika zote kuingia hekaluni humo, hasira ya wanaume wale itaonekana imezuka tu. Kutengwa kwa mke akiwa hedhini, hata hivyo, hakuhitaji mkalimani.

Kwa maelezo ya mwongozaji, majukwaa makubwa ya filamu mtandaoni yaliikataa. Ikatoka tarehe 15 Januari 2021 kupitia Neestream, jukwaa dogo la Kimalayalam. Sifa za wahakiki zilipovuma, Amazon Prime Video ikaichukua Aprili mwaka huohuo. Kwenye tuzo za jimbo la Kerala ikapata filamu bora, mswada bora na usanifu bora wa sauti. Hiyo ya sauti, aliyopewa Tony Babu, ndiyo iliyostahili kuliko zote.