Mwacheni mwanafunzi akisie kwanza

Wiki hii mmeuliza: kwa nini mwanafunzi anayefungua mabano bila shida hukwama akipewa fumbo la aljebra? Nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili, na naamini tunamdai mlinganyo kabla hajaielewa habari yenyewe.

Chukueni fumbo hili: umri wa Asha unazidi mara mbili ya umri wa Juma kwa miaka 3, na jumla ya umri wao ni miaka 27. Mwalimu akisema, "Tuseme Juma ana miaka x," wengi hunyamaza. Mwenye haraka huokota 2, 3 na 27 akazijumlisha, maana ameona neno "jumla". Tangu shule ya msingi amezoeshwa kuwinda neno la kumwambia ajumlishe au atoe, kwa hiyo fumbo lenyewe halisomi.

Mimi humwambia: nipe umri wowote wa Juma. Akisema 10, namuuliza Asha ana miaka mingapi. Mara mbili ya 10 ni 20, ongeza 3, ni 23. Wote wawili 33, imezidi. Haya, jaribu 7. Asha 17, jumla 24; imepungua. Sasa namtaka aandike hatua zile bila kuzikokotoa, 10 + (2 × 10 + 3), kisha kila palipo na umri wa Juma afute 10, aweke x. Anapata x + (2x + 3) = 27, mlinganyo aliouunda mwenyewe kutokana na hesabu alizokwisha kufanya. Juma ana miaka 8, Asha 19. Uso wa mtoto aliyefika hapo kwa mara ya kwanza ndio unaonifanya niipende kazi hii.

Tena x inabaki kuwa namba, haiwi kifupi cha mtu au kitu. Hata vyuoni hilo huwasumbua. Katika utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1981, wanafunzi wa uhandisi waliambiwa waandike mlinganyo: wanafunzi, S, ni mara sita ya maprofesa, P. Zaidi ya theluthi moja walikosa, na wengi wa waliokosa waliandika 6S = P badala ya S = 6P. Wangejaribu maprofesa 10 na wanafunzi 60, kosa lingejitokeza papo hapo.

Wapo walimu wanaoona kukisia ni uvivu. Lakini hata Ahmes, mwandishi wa Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita alikisia alipotafuta namba ambayo ukiiongezea sehemu yake ya saba unapata 19. Alianza kwa kukisia 7, akapata 8, kisha akairekebisha kwa uwiano.

Mtaniambia mtihani hauna muda wa kukisia. Ni kweli, lakini wengi wakishazoea huiruka hatua hiyo wenyewe na kuanza na x. Nisichokubali ni kumkata alama aliyekisia pembeni ya karatasi. Kwa anayesahihisha, hapo ndipo panapoonekana kama mtoto ameelewa fumbo au amenakili tu umbo la mlinganyo wa jana.