Mmeuliza, tunajibu: sera ya chakula na michezo shuleni tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa PTA (chama cha wazazi na walimu) kwa shule moja ya UPE, yaani ya serikali ya msingi isiyo na karo, huku upande wa Busia, Uganda. Kuna mgeni alitutembelea akatuachia mfano wa sera ya afya ya shule kutoka Marekani, kurasa nyingi, na hedimasta anataka tuikopi tubadilishe jina tu tuipitishe kabla termu haijaisha. Mimi nikiisoma naona inaongelea mashine za kuuza soda na saladi, na hapa kuna watoto wanashinda mpaka saa kumi bila kitu tumboni. Tufanye aje? (Mzazi, Busia)

JIBU: Mwenyekiti, kwanza hongera kwa kuisoma manake wengi hupiga tu sahihi. Hiyo karatasi msiitupe ila msiikopi. Wamarekani walipitisha sheria 2004 kwamba wilaya za shule zilizo kwenye mpango wa chakula wa serikali kila moja iwe na sera yake ya lishe na mazoezi ifikapo mwaka wa masomo wa 2006, halafu 2010 wakaikaza, na kanuni za 2016 zikasema lazima awepo mtu anayejulikana wa kuisimamia na angalau kila miaka 3 waangalie kama inafuatwa. Sasa ona, hao mpango wao wa chakula cha mchana shuleni uko kwa sheria tangu 1946, pesa ya serikali kuu inaingia, kwa hiyo sera yao inaanza chakula kikiwa kishafika mezani, kazi inabaki kusema chumvi isizidi na soda isiuzwe pale mlangoni mwa darasa. Yetu inaanza sufuria ikiwa tupu. Sheria yetu ya Elimu ya 2008 imesema wazi kumlisha mtoto ni kazi ya mzazi ama mlezi. Ukitoa sehemu kama Karamoja ambako WFP (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) imekuwa ikipeleka chakula mashuleni miaka na miaka, kwingine ni nyinyi wenyewe na mifuko yenu, ama magunia yenu, nakuja hapo.

Kwa hiyo kwa Wamarekani chukueni vitu viwili tu, jina la msimamizi na siku ya kukagua. Hayo mengine andikeni yenu na kurasa mbili zinatosha kabisa. Na wizara ya elimu ilishatoa mwongozo wake wa chakula na lishe shuleni 2013, ulizeni ofisi ya elimu ya wilaya wawape kopi kabla hamjaanza kubishana kwa mkutano.

Sasa hesabu, hapa ndo sera nyingi hufia. Kikombe cha uji kinataka kama gramu 50 za unga. Chukua termu kama siku 60 za masomo, hiyo ni kilo 3 za unga kwa mtoto mmoja termu nzima. Mkitaka posho (ugali) na maharage mchana, weka gramu 150 za unga na gramu 50 za maharage, inakuja kilo 9 za unga na kilo 3 za maharage. Mzazi ukimwambia lete pesa ya chakula anakuona adui, lakini ukimwambia kilo 4 za mahindi kwa uji wa mtoto wako termu nzima (ile ya ziada inapotelea kwa kinu na kumlipa mwenye kinu) anaanza kukusikiliza, na wengine watakwambia hata leo naleta. Kusanyeni wakati wa mavuno, msingoje mwezi wa tano debe lishakuwa halishikiki.

Mahindi yakifika mtu ayapime kwa mizani, mzazi akiwa amesimama pale, na aandike kwa kitabu ambacho mzazi yeyote anaweza kukiomba akakiangalia. Na yasiingie stoo mabichi manake yataota kuvu na ile sumu ya kuvu, aflatoksini, haiishi kwa kupikwa. Kama hamna kile kifaa cha kupima unyevu, kuna njia ya chumvi: chupa kavu ya glasi, tia mahindi kama theluthi, weka vijiko kadhaa vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa sana, acha itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwa ukuta wa chupa mrudishie mwenyewe akayaanike tena. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.

Unga namba moja kila mtu anaupenda sababu ni mweupe, lakini ganda na kiini ambako vitamini nyingi zinakaa vimebaki kwa kinu wamekula kuku. Sageni bila kukoboa, kidogo kidogo, ule unga haukai sana. Mkiweza ongezeni mukene (dagaa) kwa maharage, huko kwenu ziwa liko karibu, na dodo (mchicha) mpande hapo hapo shuleni.

Jambo la mwisho na hili mliandike kwa herufi kubwa: mtoto ambaye mzazi hajaleta hafukuzwi shule. Hiyo sheria ya 2008 inaruhusu mchango wa hiari ila hairuhusu mtoto kunyimwa masomo sababu ya kutolipa. Na msimuache akae pembeni anaangalia wenzake wanakunywa uji, hiyo ni kumfukuza kwa njia nyingine. Mzazi alete kuni, ama aje kulima shamba la shule, na yule bibi anayelea wajukuu watano mumsamehe tu bila kumtangaza kwa mkutano.

SWALI: Mimi nafundisha P6 (darasa la sita) hapa Jinja. Kipindi cha PE (michezo na mazoezi) kiko kwa taimtebo lakini kila wiki kinachukuliwa na mtu wa hesabu, eti PLE, mtihani wa kumaliza msingi, iko karibu. Sera inaweza kusaidia ama ni maneno tu? (Mwalimu, Jinja)

JIBU: Mwalimu, hapo hamna siri. PLE ina masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na sosho (maarifa ya jamii), PE haimo, na kitu kisichotahiniwa kinaliwa. Kwa hiyo sera ikisema tu "shule itahimiza mazoezi" umeandika bure. Iseme kipindi cha PE hakiazimwi, na anayekihitaji anaandikiwa ruhusa na hedimasta kwa kitabu na anakirudisha wiki hiyo hiyo. Ukiweka hilo daftari tu utaona watu wanaanza kuona haya.

WHO, shirika la afya duniani, wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kujituma mwili. Watoto wa vijijini wanaotembea kilomita kadhaa kuja shule wengine hapo wameshapata sehemu kubwa, wa mjini anayeletwa na boda mpaka geti hajapata kitu. Msipange PE saa tisa mchana kama watoto hawajala, watakaa tu chini ya mwembe. Ipangeni asubuhi ama uji ukishashuka kidogo. Na uwanja wote usiachiwe wavulana na mpira wao, wasichana wa P6 na P7 wengi wanaacha kucheza sababu ya sketi na sababu ya hedhi, wapeni bukta, wapeni mahali pa kubadilishia, warudisheni kwa kwepena (mchezo wa kukwepa mpira) na kamba. Halafu tafadhali, kukimbiza mtoto raundi kumi kama adhabu muache kabisa, mtoto atapendaje kukimbia baada ya hapo?

SWALI: Salaam. Nauza mandazi na kabalagala (vitumbua vya ndizi) nje ya geti la shule hapa Arua, nimesikia wanatengeneza sera na sisi tutafukuzwa. Ni kweli? (Mama muuzaji, Arua)

JIBU: Mama, sijui kamati yenu imeamua nini, lakini nenda kwa mkutano usingoje kuambiwa, na mkiwa wauzaji watatu wanne nendeni pamoja. Kukufukuza ni ujinga manake mtoto atatembea mbali zaidi akanunue kitu kibaya zaidi. Waambie mko tayari kufunika chakula, kunawa mikono, na kuacha ile juisi ya rangi ya kwenye kavera (mfuko wa plastiki) na pipi wakati wa break. Ongeza ndizi, njugu, mihogo ya kuchemsha, embe msimu wake. Mandazi endelea nayo, ila yale mafuta meusi ya juzi mwaga.