Mtoto hawezi kurusha tukio la mama

SWALI: Natumia C#. Klasi yangu Akaunti ina tukio (event, yaani taarifa inayorushwa kwa wasikilizaji, ambao ni methodi zilizoandikishwa kuipokea) SalioLimebadilika la aina ya EventHandler. AkauntiYaAkiba inairithi, lakini nikirusha tukio hilo humo, kompaila inatoa kosa CS0070. Mbona methodi za mama (klasi inayorithiwa) nazitumia bila shida?

JIBU: Kurusha tukio ni haki ya klasi iliyolitangaza peke yake. Klasi nyingine, hata iliyorithi, zina ruhusa ya kuandikisha msikilizaji kwa += na kumwondoa kwa -=, basi. Kubadili public kuwa protected hakutakusaidia.

Weka methodi hii ndani ya Akaunti:

protected virtual void OnSalioLimebadilika(EventArgs e)
{
    SalioLimebadilika?.Invoke(this, e);
}

Mtoto (klasi inayorithi) ataita OnSalioLimebadilika(EventArgs.Empty), na this itakuwa AkauntiYaAkiba yenyewe, kwa hiyo msikilizaji atajua habari imetoka wapi. Ile ?. usiifute: tukio lisilo na msikilizaji ni null (yaani hakuna kitu), na ukiita Invoke moja kwa moja programu itaanguka.

Kwa kuwa methodi ni virtual, mtoto anaweza kuiandika upya kwa override. Hapo lazima aite base.OnSalioLimebadilika(e). Kazi iliyo juu ya mstari huo hufanyika kabla ya wasikilizaji kuarifiwa, iliyo chini yake hufanyika baadaye. Ukiusahau, kompaila haisemi neno, programu inaendelea kama kawaida, ila hakuna anayepata taarifa. Tukio "likipotea", anza kutafuta hapo.

Kuna wanaojaribu njia ya mkato: wanalifanya tukio lenyewe kuwa virtual, kisha wanalitangaza tena kwa override ndani ya mtoto. Achana nayo. Matangazo hayo mawili yana orodha mbili tofauti. Wasikilizaji wanaingia kwenye orodha ya mtoto, methodi ya mama inarusha kwa orodha yake, ambayo ni tupu. Kompaila inaipitisha, na ile ?. inalificha tatizo kabisa.

Usiite OnSalioLimebadilika kutoka kwenye konstrakta (sehemu inayotayarisha kitu kinapoundwa) ya Akaunti pia. Konstrakta ya mama hutangulia, kwa hiyo override ya mtoto itakimbia wakati konstrakta yake haijaanza, na chochote ambacho ingekitayarisha bado hakipo.