Miligramu siyo mililita

SWALI: Dada nesi, niko mwaka wa pili uuguzi, hesabu za dozi zinanitoa jasho. Mtoto kilo 12, daktari kaandika parasetamoli 15 mg kwa kilo, chupa inasema 120 mg/5 ml. Nampa ngapi?

JIBU: Usianze na chupa mdogo wangu, anza na mtoto. 12 mara 15 ni 180 mg, hiyo ndo dawa anayotakiwa kupata, sasa 180 gawa kwa 120 mara 5 unapata 7.5 ml. Mg ni uzito wa dawa yenyewe, ml ni maji yanayoibeba, na kuna chupa zingine za 250 mg/5 ml, ukimpa 7.5 hiyohiyo ushampa 375, zaidi ya mara mbili! Pimia bomba la sindano, vijiko vya nyumbani mi siviamini kabisa.