Usiniulize Stesheni ya Kushukia

Mudogo wangu, ujumbe wako nimeusoma tangu asubuhi na hasira haijaisha. Unasema viza za kundi lenu la muziki zimetoka, mtapiga Ufaransa na Ubelgiji, na konseri ya mwisho ni hapa Bruxelles. Halafu unaniuliza mimi mkubwa wako namna ya kulitoroka kundi na kubaki huku: "Yaya, siku ya mwisho nishukie stesheni gani?" Ukaongeza kwamba kule kwetu Lubumbashi, mitaa ya Kenya na Katuba, wanasema mimi nilibaki hivyo hivyo, leo nina nyumba yangu, na mpiga gitaa wa huku akipiga usiku mmoja anarudi na bei ya parseli, kiwanja kizima.

Nyumba sina, nimepanga chumba Anderlecht. Na usiku mmoja wa kupiga haujawahi kunilipia hata kodi ya mwezi. Habari za baridi sikuandikii, hizo unazijua. Nakueleza siku ya mwisho yenyewe, kwa sababu wanaokuhadithia hawakuiishi.

Inaanza asubuhi mezani. Hakuna anayekula vizuri. Kila mtu anamchungulia mwenzake ajue nani anabaki. Kiongozi wa kundi ana pasipoti zote kwenye mfuko wa kiunoni na havui hata akienda chooni, kwa maana ndiye aliyetia saini kwamba walioingia watatoka. Mnakwenda kupima sauti. Mpiga besi anakosea pahali ambapo hakuwahi kukosea, na hapo unajua kwamba ni yeye. Mwimbaji mwingine amevaa suruali mbili chini ya nguo za jukwaani. Sanduku unaliacha hotelini likiwa limejaa, ili anayepita chumbani aone mtu anayerudi. Gitaa nalo linaachwa, kwa sababu mtu mwenye gitaa mgongoni usiku anakumbukwa na kila aliyemwona. Langu lilirudi Lubumbashi bila mimi.

Halafu mnapiga. Usiku ule tulipiga vizuri kupita siku zote za safari. Watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Bruxelles, walicheza mpaka wakavua viatu, mama mmoja akapanda kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Mimi nilijua kwamba sitapiga tena na wale watu. Wenzangu, wale niliokula nao bukari, ugali wetu, tangu utoto, hawakujua. Walinigeukia wakicheka kila nilipoingia na solo. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Polisi sijawahi kuwaota.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo ninalotaka likae kichwani mwako. Kazi ya mwanamuziki ni kuonekana. Asiye na karatasi za ukaazi kazi yake ni kutoonekana. Jina lako likiwa kwenye bango, umejitangaza. Mtu akikurekodi kwa simu, umejitangaza. Ukumbi wa maana unataka mkataba, namba ya usajili na akaunti ya benki. Yule anayekuchukua bila hivyo anakulipa anavyopenda, na ukidai haki yako anakukumbusha hali yako mbele ya watu. Basi unaacha kupiga. Huamui kuacha, unakuta tu kwamba mwaka umepita.

Mimi niliosha masufuria kwenye jiko la mgahawa. Kazi hiyo haina aibu, sitaki mtu aniambie ina aibu. Lakini maji ya moto na sabuni vilinilainisha vidole. Zile sugu za mkono wa kushoto tulizozipata utotoni, tukipiga magitaa ya bati yenye nyaya za breki za baiskeli, zilibanduka kama utando wa maziwa. Siku niliposhika gitaa la mwenzangu katika kanisa la maombi, nyuzi zilinikata mpaka damu. Na kanisa hilo ndilo lililokuwa jukwaa langu pekee. Hawaulizi karatasi, na hawalipi.

Unasema karatasi zitapatikana. Zinapatikanaje? Viza yenu ni ya siku 90 ndani ya siku 180. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, imeanza kuacha mihuri na kuchukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo siku zako zinahesabiwa na kompyuta. Ukiomba hifadhi ya ukimbizi, na viza yako ilitolewa na Ubelgiji, kesi ni ya Ubelgiji. Ukikimbilia kwa mjomba Paris, Ufaransa inaweza kukurudisha huku. Miezi minne ya kwanza huruhusiwi kufanya kazi. Na tangu 2021 wanaume wengi waliokuja peke yao wamelala nje hapa Bruxelles, wengine ndani ya mahema kando ya mfereji, wakisubiri kitanda ambacho sheria yenyewe inawapa.

Halafu utaitwa uulizwe ulikimbia nini. Fikiria vizuri swali hilo. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu Februari, na watu waliotoka kule na majeraha yao bado wanabishiwa maneno yao moja moja. Wewe unatoka Lubumbashi, umekuja kwa mwaliko, na afisa anaweza kufungua video ya juzi ukicheka jukwaani, shati linang'aa. Ile konseri uliyoitumia kuingia ndiyo itakayosimama kukushuhudia vibaya.

Usifikiri muda unaponya. Mwaka 2021 watu zaidi ya 400 wasio na karatasi waligoma kula hapa, ndani ya kanisa la Béguinage na kwenye vyuo vikuu viwili, kuanzia Mei hadi Julai. Wengine walikuwa wameishi Ubelgiji zaidi ya miaka kumi, wana watoto shuleni, wanajua barabara za mji huu kuliko wenyeji. Mgomo ulisimamishwa na sheria ikabaki ile ile.

Na kuna wanaokuja nyuma yako. Unakumbuka mambo ya mwimbaji wetu Papa Wemba: mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa, na mwaka 2004 mahakama ya Bobigny ikamtia hatiani kwa kuwaingiza watu kwa viza za wanamuziki. Muziki wake naupenda na nitaupenda mpaka nife. Lakini wale vijana waliojifunza ngoma kweli, wakajaza fomu kweli, ndio waliokutana na madirisha ya viza yaliyofungwa. Kiti kimoja kitupu kwenye ndege ya kurudi kinatosha kumnyima viza mtoto wa jirani yako miaka mitano ijayo. Kiongozi wetu hakupata kuleta kundi Ulaya tena. Hakunitukana. Alimpelekea mama gitaa langu, akamwambia niko mzima.

Wazee wetu walikuja wakarudi. Mwimbaji Grand Kallé na kundi lake African Jazz walipiga hapa hapa Bruxelles mwaka 1960 wakati wa Meza ya Duara, mazungumzo ya uhuru wa Kongo, wakarudi nyumbani. Mwenda Jean Bosco wetu, yule mpiga gitaa wa gumba na kidole kimoja, aliishi Nairobi, akapiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani mwaka 1969, akarudi Katanga. Ila nisiwe mwongo kwako: kurudi ni rahisi kwa anayejua ataalikwa tena. Kijana wa leo anatoroka kwa sababu anajua mlango huu haufunguki mara mbili. Wanaowaita wezi wa viza waliseme na hilo. Nimekasirishwa nawe, lakini nimekasirishwa zaidi na utaratibu unaomfanya mtu achague kati ya kundi lake na maisha yake katika usiku mmoja.

Wala sitakuambia nyumbani ni pazuri. Najua matanga na ndoa zinavyolipa: soda, sahani ya bukari na sombe, na franga ya teksi. Najua bosi wa madini anavyomrushia mwimbaji dola ili jina lake litajwe, na mpiga gitaa anatazama. Watoto wa dada yetu wamesoma kwa sabuni ile ile iliyokula vidole vyangu. Paa la mama kule Ruashi limetoka huku. Karatasi nilizipata, ndiyo. Zilipokuja, baba alikuwa ameshazikwa na nafasi yangu ya solo ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo rudi. Kabla ya kupanda ndege, mwambie kiongozi akuonyeshe mkataba na tiketi ya kurudi, na pasipoti yako upige nakala ubaki nayo. Siku zenu za huku usizimalize madukani. Waandaaji wa tamasha ndogo huja nyuma ya jukwaa; shika majina yao, wape rekodi zako, waandikie ukiwa Lubumbashi. Pasipoti yenye viza uliyoiheshimu itakusemea vizuri kuliko barua yoyote ya mwaliko. Pigeni Halle de l'Étoile, ukumbi wa hapo kwetu Lubumbashi, vukeni mpaka wa Kasumbalesa mpige Ndola na Kitwe kule Zambia, msingoje Ulaya ndiyo iwaite wanamuziki. Mama usimwahidi chochote kabla hujaondoka, kwa sababu ahadi hiyo ndiyo itakayokushusha kwenye basi.

Nami nitakuja siku yenu ya kwanza, sitangoja ya mwisho. Nitawaletea bukari ya kweli, unga unapatikana pale chaussée de Wavre.

Na kama pamoja na yote haya utashuka, usilale kwenye stesheni ya Gare du Nord. Usimfuate mtu atakayekuambia ana hadithi tayari ya kukuuzia kwa ajili ya hifadhi. Hadithi hiyo ameshawauzia wengine, na maafisa wanaijua. Nipigie hata saa nane za usiku. Nitakugombeza, nitakufungulia, na asubuhi tutaenda kumtafuta wakili wa bure, wale wanaowaita pro deo, kabla hujatia saini karatasi yoyote.